Miguu ya Wordsworth na Miguu ya Susu

Preston, Uingereza

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Mwambie Susu, nyanya yetu, "Wakya" kutoka kwangu, na umsomee barua hii polepole, maana nina kesi naye. Mjomba wa Nzaui naye atumiwe nakala. Ametajwa humu ndani, na mtu akitajwa ni heri asikie mwenyewe kabla majirani hawajamtungia toleo lao.

Kazi ni ile ile ya kutunza wazee. Mzee wa huku hutunzwa kwa zamu, kwa fomu na kwa glavu. Nyanya ninayemhudumia ana miaka ya kuitwa Susu, lakini hapa mtu asiye nyanyako ukimwita nyanya atafikiri umemtukana, kwa hivyo namwita kwa jina lake la kwanza, kana kwamba tulichunga mbuzi pamoja. Majuzi aliniambia anataka kwenda kuona maua, mto, na nyumba ya mshairi. Nikamuuliza kama mshairi tutamkuta. Akasema alifariki 1850. Nikajua safari yetu haina haraka.

Kijiji kinaitwa Grasmere, kaskazini-magharibi mwa nchi hii, kwenye vilima na maziwa. Ukishuka treni Windermere, unapanda basi. Mto wa pale ni Rothay, na Mwaitu, huo mto hauna adabu. Unapita kijijini ukiwa umejaa, maji maangavu mpaka unahesabu kokoto, na hakuna mtu hata mmoja aliyeshika mtungi! Hakuna punda. Watu wamesimama darajani wanapiga picha maji yakienda zake. Sisi kule mto Tiva ukitaka maji unachimba mchangani, unasubiri yachuje, unachota kwa kata, huku ng'ombe wa jirani akikutazama kama mnayegombea naye urithi. Nilitafuta mchanga uliochimbwa nijisikie nyumbani, sikuuona.

Sababu ni mvua. Ng'ambo ya vilima vile kuna kijiji cha Seathwaite kinachopata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Sisi tukifikisha 1,000 tunapiga vigelegele na kupanda mbaazi hadi mlangoni. Lakini msidhani wenzetu hawajui maana ya kunyang'anywa maji. Bonde la pili lina ziwa la Thirlmere, na tangu 1894 maji yake husafiri kwa mteremko, zaidi ya kilomita 150, hadi Manchester. Ni kama mvua ya vilima vya Chyulu inavyoibukia chemchemi za Mzima, ikaingia bombani na kushuka Mombasa, sisi tukiipungia mkono. Mji mkubwa una kiu ya namna moja popote ulipo.

Sasa nyumba. Inaitwa Dove Cottage, na William Wordsworth aliishi hapo kuanzia mwishoni mwa 1799 hadi 1808. Kabla yake ilikuwa baa, jambo ambalo mwongozaji alilitaja haraka, na mzee mmoja kwenye kundi letu akalifurahia taratibu. Kiingilio alilipa Nyanya. Ukikigeuza shilingi unapata jogoo wawili wa kienyeji. Kwa pesa hiyo nilitarajia kasri. Nikaonyeshwa vyumba vidogo vyenye giza, sakafu ya mawe, na dari inayokukumbusha kuinamisha kichwa. Stoo ya chakula ina kijito kinachopita chini ya sakafu ili maziwa yasichache. Hiyo ndiyo iliyokuwa friji.

Juu ghorofani ndiko Mjomba anakoingia kwenye habari hii. Kuna chumba kidogo cha watoto, na kuta zake zote zimebandikwa magazeti. Dorothy, dadake Wordsworth, ndiye aliyeyabandika ili kuzuia baridi. Mwongozaji alishusha sauti kama anayefunua sanduku la agano. Wageni wakasogea, wakavaa miwani, wakasoma matangazo ya watu waliokufa zamani. Mjomba, unakumbuka ulipobandika Taifa Leo nyumba nzima kuzuia upepo, Mwaitu akasema umeuaibisha ukoo? Naomba leo, mbele ya mashahidi, akuombe radhi. Na pale ukutani juu ya kitanda, kuna mheshimiwa anaahidi barabara ya lami. Usimbandue. Hiyo ni hati ya kihistoria, kwa kuwa ahadi bado ni mpya, haijawahi kutumika.

Huyu Dorothy, Mwaitu, ungempenda. Alikuwa na daftari, akiandika kila kitu: nani kapita njiani, nani kaomba chakula, mkate gani umeokwa, kaka kaumwa kichwa. Tarehe 15 Aprili 1802 yeye na kakake walitembea kando ya ziwa Ullswater wakakuta maua ya dafodili yamejipanga ufukoni. Dorothy akaandika daftarini. Miaka miwili baadaye kaka akatunga shairi la maua hayo hayo, lile ambalo walimu wa Kiingereza wametukaririsha hadi tukaota maua tusiyowahi kuyaona, na akaanza kwa kusema kwamba alikuwa peke yake. Peke yake! Na dada alikuwa pembeni, amevaa viatu vilivyolowa. Isitoshe, mistari miwili inayosifiwa kuliko yote ilitoka kwa mkewe, Mary. Kwa ufupi, dada alitoa habari, mke akatoa mistari, mwanamume akatoa jina. Nilimweleza Nyanya kwamba hata kwetu harambee huendeshwa hivyo.

Bustani iko nyuma, imepanda mlima. Nilikuwa nimejiandaa kuona nyasi zilizonyolewa na chemchemi yenye malaika wa mawe. Kumbe Wordsworth na dadake walikuwa wakirudi matembezini na miche ya porini mikononi, wakipanda kuvumwani na maua ya vichakani. Na ukutani Dorothy alipandisha maharagwe. Nasema tena, maharagwe. Watu wa mataifa walikuwa wakisimama mahali yalipotambaa maharagwe wakivuta pumzi ndefu. Shamba la Susu lina mbaazi, kunde, pojo, na mwembe aliopanda mwaka niliozaliwa, na mtu wa pekee anayelitembelea kwa hamu ni tumbili.

Mpangaji aliyefuata, mwandishi Thomas De Quincey, aliingia 1809, na baada ya muda akaikatakata bustani ile na kubomoa kibanda walichojijengea. Dorothy alikasirika sana, ingawa walikuwa wamehama. Mnaona? Mambo ya mpangaji mpya na miti ya aliyemtangulia si ya mji wa Wote peke yake.

De Quincey huyo ndiye aliyetuachia hesabu iliyonikosesha usingizi. Alikadiria kwamba Wordsworth katika maisha yake alitembea zaidi ya kilomita 280,000. Hiyo ni sawa na kuizunguka dunia mara saba. Sisi tuliambiwa kwamba ukilizunguka jiwe la Nzambani mara saba unageuka, mwanamume anakuwa mwanamke na mwanamke mwanamume. Wordsworth alizunguka kiasi cha dunia mara saba, na alichogeuka ni Mshairi wa Malkia, mwaka 1843. De Quincey aliongeza kwamba miguu ile haikuwa na sura, na kwamba wanawake wote wajuzi wa miguu waliikosoa. Haya yamehifadhiwa. Jumba la makumbusho lililo jirani lina hati zake, na vyuma alivyovaa kutelezea kwenye barafu. Nilivitazama kwa muda. Kutu ya kawaida kabisa, lakini ina taa yake.

Hapo ndipo kesi yangu na Susu ilipoanzia. Susu alienda mto Tiva tangu akiwa msichana hadi bomba lilipotufikia. Kilomita tano kwenda, tano kurudi. Nimekaa na simu nikapiga hesabu: miaka arobaini ya safari hiyo ni kama kilomita 146,000. Ni zaidi ya nusu ya Wordsworth, na Wordsworth alibeba shairi. Susu alibeba lita ishirini mgongoni, kamba ikiwa imeshika paji la uso, na mara nyingine mtoto mbele, ambaye naambiwa ni wewe, Mwaitu. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza alipita njia gani? Alipumzika chini ya mti upi? Walipokuwa wakisubiri maji yachuje mchangani, walizungumza nini, walimsengenya nani? De Quincey wetu yuko wapi? Yuko kwenye kituo cha bodaboda anatazama video.

Tulipotoka tulienda kununua mkate wa tangawizi. Kuna duka dogo mlangoni mwa kanisa, lililokuwa zamani shule ya kijiji, na mwanamke aitwaye Sarah Nelson alianza kuuoka humo 1854. Maelekezo ya kuuoka ni siri, yamewekwa benki. Foleni ilifika barabarani, kwenye mvua, na hakuna aliyelalamika, maana Mwingereza akiona foleni huingia kwanza, akauliza baadaye inauza nini. Nilikula, ni tamu. Lakini nilimkumbuka marehemu Babu na uki, pombe yake ya asali, ambayo wazee walikuja kutoka hata Mutomo kuifuata. Siri ya Sarah Nelson imo benki. Siri ya Babu imo kaburini, na sisi tulikuwa tumekaa naye kila jioni.

Kaburi la Wordsworth liko nyuma ya kanisa hilo, mto ukipita karibu. Jiwe la kawaida, bila marumaru. Alifariki tarehe 23 Aprili 1850. Nikapiga hesabu nyingine. Tarehe 3 Desemba 1849, mzee huyu angali hai, mmisionari Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara wetu mkubwa wa misafara hadi pwani. Siku hiyo ndipo alipouona Mlima Kenya na theluji yake, na mabwana wa Ulaya waliokaa kwenye viti vyao wakabisha kwamba theluji haiwezi kukaa ikweta. Miaka miwili baadaye Krapf alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana, wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga na kiu. Alipofika mtoni akajaza maji kwenye mfuko wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akaziba kwa nyasi, akaendelea. Nilimsimulia Nyanya pale makaburini. Aliniuliza swali moja: "Nyumba ya Kivoi inafunguliwa saa ngapi?" Nikajifanya sijasikia kwa sababu ya mvua.

Kabla ya kurudi tulipita Allan Bank, nyumba kubwa iliyo juu kidogo. Ilipokuwa ikijengwa Wordsworth aliilaani kwamba inaharibu mandhari. Ilipokamilika, akaipanga. Moshi wa dohani zake ukamwadhibu vya kutosha, akahama 1811. Baadaye ilikuwa makao ya kasisi Hardwicke Rawnsley, mmoja wa watatu walioanzisha National Trust mwaka 1895, chama kinachohifadhi majumba, mashamba na fukwe za nchi hii. Mwaka huo huo wa 1895, Mjomba, ndipo Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipofika hapo kwenu Nzaui kuanzisha kituo chao cha kwanza. Na Nzaui haikuwa ikimsubiri yeye iwe na historia. Wazee wanasema Mulungu aliwashusha watu wa kwanza hapo mlimani, na nyayo zao zi mwambani hadi leo. Mwenye Grasmere anaonyesha vyuma vya kutelezea. Wewe una nyayo za binadamu wa kwanza, na umezifungia mbuzi karibu.

Sisemi tuko mikono mitupu. Nzambani kuna ngazi ya chuma na mgeni analipa kupanda. Makindu kuna hekalu la Masingasinga la tangu 1926, na msafiri hulishwa bila kuulizwa dini. Lakini Grasmere imenifunza kwamba makumbusho hayahitaji kasri wala bajeti ya serikali kuanza. Yanahitaji vitu visivyotupwa, mtu mwenye ufunguo, na mtu mmoja anayeandika daftari wakati wengine wanalala.

Kwa hivyo nawagawia kazi. Mjomba, funga mbuzi kwingine, na magazeti yabaki ukutani. Mwaitu, kigoda cha Babu cha miguu mitatu kisiuzwe kwa yule mtu wa gari jeupe anayekuja kununua vitu vya zamani. Akirudi, atozwe kiingilio. Na yule mpwa wangu wa bodaboda akae na Susu Jumamosi hii, simu ikirekodi, amuulize njia ya Tiva mti kwa mti na jina kwa jina. Data nitamtumia mimi. Asipofanya hivyo, simu niliyomnunulia irudishwe.

Mwanenu.