Hongera, Mpangaji wa Darini

Mombasa hapakosi watu wa kujivunia nasaba. Huyu babu yake alishuka kwa jahazi kutoka Hadhramaut, yule ni Mchangamwe wa Thalatha Taifa, ukimgusa atakuhesabia mababu mpaka adhana ya magharibi. Wakati haya yanasemwa barazani, yuko mmoja darini anayesikiliza akanyamaza. Angekuwa mtu wa majivuno angewaambia waende Unguja Ukuu. Huko waakiolojia walichimba wakapata mifupa ya jamaa zake katika tabaka za karne ya 7 na ya 8. Walikuja kutoka Bara Hindi na vyombo vya biashara, bila nauli wala pasi, wakashuka na mizigo. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwaka 1498, panya wa darini alikuwa mwenyeji wa pwani hii kwa karne kadhaa. Sasa mgeni ni nani hapa?

Nimesikia sifa nyingi zikimwagiwa wasiostahili nusu yake, wakiwemo wabunge, makocha na mabwana harusi. Leo naomba nimsifu yeye. Na tuelewane ninayemsifu ni yupi. Simsemi buku, yule mkubwa wanayemfunza Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Huyo ana watu wake wa kumsifu, na mmoja wao, Magawa, alivishwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Mimi namsema yule mwembamba wa nyumbani, mwenye masikio makubwa na mkia uliouzidi mwili na kichwa vikiwekwa pamoja. Wataalamu humwita Rattus rattus, jina mara mbili, kana kwamba walihofia hatutamsikia. Mtu aliyelala Kisauni saa nane za usiku hahitaji kurudiliwa.

Kwanza nisifu namna anavyochagua makao. Pita Likoni upande wa Shelly, au Mtongwe, au Frere Town, ambako wamishonari waliwapa makao watumwa walioachwa huru mwaka 1875, au Changamwe kule Port Reitz. Utaziona nyumba za zamani zimejificha chini ya miembe, minazi, mikungu na miarobaini. Sisi tukiitazama miti ile twaona kivuli. Yeye aona ngazi. Fundi wa zamani aliacha mwanya baina ya kichwa cha ukuta na paa ili upepo wa bahari upite, kwa kuwa feni haikuwepo. Baadaye makuti yakashushwa, mabati yakapanda, na chini ya mabati tukapigilia dari. Kwa maneno mengine tulimjengea orofa: kukavu, kuna joto usiku, na hakupandi mtu ila fundi wa stima, naye huitwa taa zikishazimika.

Bara hii ya Mombasa ina mtindo wake wa kumiliki mali. Nyumba huwa yako na ardhi ikawa ya mwingine, ukawa unalipia kiwanja mwaka hadi mwaka huku ukiomba mwenye ardhi asiuze. Watu wamezaliwa na kuzeeka wakiogopa notisi. Waliokuwa wakiishi kwenye shamba la Waitiki huko Likoni walingoja hadi 2016 ndipo wakaanza kupewa hatimiliki. Panya wa darini hana nyumba, hana ardhi, hana hati, na sijapata kusikia kwamba amekosa usingizi kwa hilo. Na hiyo hati yenyewe ukiiweka kwenye mkoba juu ya kabati, huenda ukamkuta ameichana pembeni apate matandiko ya wanawe.

Ustadi wake wa kutembea ndio unaonifanya nimvulie kofia. Tawi la mwembe likibakisha mita moja kufika paani, kwake limeshafika. Waya wa stima utokao kwenye nguzo huupita usiku wa kiza, mkia ukimsawazisha. Tundu la upana wa kidole gumba lamtosha. Kichwa kikipita, mwili hufuata. Ukitaka kuiona njia yake, panda darini na tochi uimulike boriti ya mkoko. Utaona mstari mweusi unaong'aa. Ni mafuta ya manyoya yake, yamepakwa usiku baada ya usiku kwa sababu hapendi kubadili njia. Kando ya mstari kuna vinyesi vyembamba vyenye ncha pande zote mbili, na pembeni kabisa, penye kutu ya bati, kuna kiota cha kanga ya mwenye nyumba iliyochambuliwa nyuzi nyuzi. Kipande kimoja hakijamalizwa. Herufi mbili za jina la kanga bado zasomeka.

Humo ndimo anamolea. Mimba ni siku 21 hadi 23, watoto ni watano au sita, pengine wanane, na miezi mitatu haipiti sana kabla hao nao hawajawa wazazi. Hapana harusi, hapana mahari, hapana kamati ya kuchangisha.

Kwa upande wa chakula hana mpinzani. Mnazi huzaa kwa daraja: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Watu wengi wa mjini wazijua mbili tu, ile ya kunywa pale feri na ile ya kukuna. Yeye azijua zote, na hupenda zile changa, ambazo ganda halijawa gumu. Hutoboa tundu la mviringo karibu na kikonyo, akanywa maji, akala nyama laini, akaondoka. Dafu linabaki likining'inia na tundu lake mpaka lianguke lenyewe, na mwenye mnazi humlaumu mkwezi. Maembe ngowe huyafuata yakianza kunukia, siku moja kabla yako.

Watu humteta kwa kutafuna. Hawajui kwamba meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na asipoyasugua yatamzuia kula. Kwa hiyo anapotafuna mbao, bomba la plastiki na ngozi ya waya wa stima, anajitibu. Na anapokula ngozi ya unyayo wako umelala, huuma na kupuliza, ndivyo watu wasemavyo. Wako wengi mjini wanaotuuma, na sijamwona mwingine anayepuliza.

Akili yake nayo ni ya kuandikiwa kitabu. Kitu kipya hakigusi. Ukiweka mtego leo, hukizunguka chombo hicho usiku kadhaa akikisoma. Sisi twauweka na kipande cha ng'onda, asubuhi twaukuta mtupu, kesho yake mtupu, siku ya tatu twautupa uvunguni na kusema mtego huu ni feki. Wako wajuzi ambao huutandika mtego bila kuukaza, na nazi iliyochomwa juu yake, wakamwacha ale usiku baada ya usiku mpaka azoee, ndipo wakaukaza. Wajuzi hao nawaomba wanyamaze, wasiharibu mazungumzo.

Kwenye sumu hali ni ile ile. Hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo huonja kidogo na kungoja aone. Ndiyo maana sumu iitwayo warfarini ilishangiliwa sana. Huko Wisconsin, Marekani, ng'ombe walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyovunda. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake wakaitafuta sababu, na mwaka 1948 ikauzwa sumu inayoua polepole, panya asishuku chakula. Miaka michache baadaye madaktari wakawapa binadamu dawa hiyo hiyo, wale ambao damu yao huganda vibaya. Hebu fikirini ni wangapi kati ya wazee wetu wanaomeza tembe alizotangulia kuzionja panya. Sumu za ukoo huo zilizo kali zaidi ndizo unazouziwa siku hizi na kijana mwenye spika kituoni Kongowea, zikitajwa pamoja na mende na kunguni kwa sauti moja. Panya huzila, siku kadhaa zikapita, kisha akafa. Hafi nje, hufa darini, juu ya kitanda chako, ukamnusa wiki nzima. Na paka au bundi akimla, naye huenda akafa.

Bundi! Huyu angekuwa askari wetu, tena wa bure, maana usiku kazi yake ni kuwinda panya. Lakini akitua kwenye mkungu wa nyumbani twasema ni uchuro, twamfukuza kwa mawe. Darini kunachekwa. Paka ndiye tunayemtegemea, na paka wa kwetu ameshiba vichwa vya samaki. Hata ughaibuni hali si tofauti: mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za paka wa New York waliorekodiwa kwa kamera muda wa siku 79, na waliouawa ni panya wawili.

Sisemi hana doa. Mafundisho ya dini yanamtaja pamoja na kunguru miongoni mwa watano wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia, na tumeonywa tuzime taa tulalapo asije akauburuta utambi akaiunguza nyumba. Utambi wa leo ni ule waya aliouvua ngozi kule juu. Onyo ni lile lile. Mkojo wake hubeba vimelea vya leptospirosisi. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto, na panya akabandikwa jina baya ambalo kwa haki angegawana na kiroboto, kama alivyoonyesha daktari Mfaransa Paul-Louis Simond huko Karachi mwaka 1898. Lakini tazameni heshima zinavyogawanywa. Kunguru wa India, mwenzake katika orodha ile, alitangaziwa vita na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mwaka 2024, lengo likiwa kuwaua milioni 1. Panya wa darini hana hata kamati.

Waliomheshimu sawasawa ni mabaharia, kwa kumwogopa. Anayefanya kazi Kilindini ameziona kamba zinazoifunga meli gatini, kila moja imevishwa kisahani kipana cha bati. Panya akitembea juu ya kamba hufika pale akakwama. Meli nayo hukaguliwa na kupewa cheti cha afya, na cheti hicho hudumu miezi 6. Wakulima wa minazi wana ujanja wa namna hiyo hiyo: huuzungushia mnazi bati laini, kimo cha mtu kutoka chini, likateleza chini ya kucha zake. Ila mnazi uwe peke yake. Makuti yakigusana na ya mnazi wa pili, hupanda kule akashukia huku.

Kwa kuwa nampenda, nawasihi wasomaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe wasimtendee ukatili huo. Msipogoe matawi yakakaa mita mbili kutoka paani. Ule mwanya wa upepo msiuzibe kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, ambao ungepitisha upepo na kumzuia yeye. Matundu ya bomba na ya waya ukutani msiyajaze saruji iliyochanganywa na vigae vya chupa. Maembe yaliyoanguka yaacheni yalale chini usiku, pipa la taka liwe wazi, na chakula cha kuku kibaki bandani mpaka asubuhi. Na katu msifanye mambo kwa mpango, mkawatega kwanza waliomo ndipo mkaziba. Zibeni kwanza, mumfungie ndani na wanawe, ili atafune njia mpya ya kutokea.

Najua sina haja ya kuwasihi sana. Methali yamsingizia kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Kwa niliyoyaona mitaani, majirani wengi ndio hawazibi shimo. Mpangaji humwambia mwenye nyumba, mwenye nyumba husema atazungumza na mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja yuko kisiwani au hayuko duniani. Kisha kuna mti. Pwani hii mti waweza kuwa wa mtu mmoja, ardhi ikawa ya mwingine, na nyumba iliyoegemewa na tawi ikawa ya wa tatu. Anayetumia haki zake juu ya vyote vitatu, kila usiku, bila kumwomba mtu idhini, ni mmoja tu.

Jirani wa Mishomoroni, mama mtu mzima, ana mwembe wa ngowe alioachiwa na babake. Tawi lake kubwa limelalia bati la nyumba ya pili. Chini ya tawi gome limelainika kwa kupitwa. Nilimwuliza, "Bibi, huu mwembe twaupogoa lini?"

"Ngoja tuvune kwanza, mwanangu. Msimu huu umebeba, mashallah."

"Na mwaka jana mlivuna vipi?"

"Mwaka jana?" Akapunga mkono. "Nusu walikula panya."