Fremu ya Ukoo

Anayedhani kamera ya harusi inaendeshwa na kameramani, aje Miembeni, Bukoba, Jumamosi moja akae nami nyuma ya stendi. Vitufe vyote navijua. Shida ni kwamba kila kitufe kina shangazi wake.

Tuanze na rangi. Turubai likiwa la bluu, mwanga unaopenya humfanya bibi harusi aonekane kama aliyeopolewa ziwani juzi. Dawa yake ni karatasi nyeupe: inashikwa mbele ya lenzi, kamera inaisoma, nyuso zinarudia rangi zake. Siku moja nilimwendea mzee mmoja wa meza za mbele anishikie. Aliitazama ile karatasi, akasogeza kiti nyuma.

"Waitu, mimi mchango wangu nilishamaliza! Muulize mhazini."

"Si mchango, Ta. Natafuta nyeupe."

"Nyeupe ipi? Ya bahasha?"

Jirani yake akakumbuka ghafla kwamba anapigiwa simu. Nyeupe niliipata kwenye kitambaa cha meza.

Jioni taa zinawashwa. Umeme wetu ni wa hezi 50, wa Marekani ni 60, na kamera nyingine hutoka kiwandani zimepangwa kwa mazoea ya kule. Kasi ya shata ikibaki kwenye 1/60 ya sekunde, mistari myeusi hutambaa juu ya picha. Ukiishusha hadi 1/50, inatulia. Hilo ndilo jambo pekee ambalo kamati ya harusi haijawahi kuliundia kamati ndogo.

Kuhusu kupanga picha, kanuni inataka msemaji akae kwenye theluthi moja ya fremu, na upande anaotazama uachiwe nafasi. Nafasi, Bukoba hii! Baba mdogo akiona kwenye skrini ya ukumbini kuna sehemu tupu kando ya msemaji, anafunga vifungo vya koti na kwenda kuijaza. Nikivuta karibu nipate uso tu, shangazi ananigusa bega: "Mwanangu, viatu vimeingia?" Viatu vimetoka Kampala, vimepita mpaka wa Mutukula; haviwezi kuachwa nje.

Lakini kesi kubwa ni tundu la lenzi. Ukilifungua hadi f/1.8, maharusi wanang'aa na kila kilicho nyuma yao kinayeyuka. Wataalamu wanausifu sana uyeyukaji huo. Kwetu kinachoyeyuka ni ukoo. Siku ya kuonyesha video sebuleni, mjomba aliinuka, akaweka kidole kwenye televisheni, juu ya doa la kahawia.

"Huyu ni mimi?"

Ndiye.

"Nimetoa ng'ombe mzima, halafu mnanifanya ukungu?"

Siku hizi tundu nalifunga hadi f/8, usikivu wa mwanga, yaani ISO, naupandisha, chenga zije zikipenda. Aliyetoa ng'ombe ataonekana hadi vishikizo vya koti. Wa laki moja ataonekana uso. Nikipewa kazi, kabla sijauliza ukumbi uko wapi, naomba kwanza daftari la michango.