Upande wa Kulia Uko Juu

Bampa iliundwa ili igongwe. Kazi yake ni kukaa mbele na kupokea kipigo, boneti na taa zisalimike. Lakini ukishaanza kufufua gari la zamani, mambo hugeuka. Bampa ya mbele ya Volkswagen niliyoachiwa na marehemu baba, ile ya mgongo wa mviringo, ya mwaka 1965, ililala kwenye blanketi la wageni. Haikusogelewa na mtoto wala paka. Bampa nikawa mimi. Nilikaa mbele yake nikipokea vipigo.

Ilikuwa imetoka kupakwa kromu. Wengi hudhani kromu ni rangi tu inayong'aa. Sivyo. Chuma huvuliwa kutu mpaka kibaki uchi, kikavishwa shaba, kisha nikeli, na kromu yenyewe huja mwisho, utando mwembamba usiofikia hata nusu ya ukali wa bei yake. Kwa hewa hii ya chumvi ya Mombasa, ukiruka hatua moja kutu hurudi kabla hujamaliza kulipa deni. Nikalipia hatua zote, nikaenda kuichukua kwa tuktuk. Ndipo nikagundua kwamba bampa hiyo ina karibu mita moja na nusu, na tuktuk haifiki hapo. Tulipita Mwembe Tayari nimeipakata, ncha moja imetokeza kulia na nyingine kushoto, watu wanaikwepa. Makanga wa matatu akanipigia kelele: "Mzee, bampa hukaa mbele, si kwa abiria!" Dereva wangu alicheka hata akapitiliza kona.

Ukiisikia kwa maneno, kuifunga ni kazi ndogo. Breketi mbili hupita kwenye matundu ya madigadi, zikafungwa kwenye bodi kule ndani, na bampa ikakaa juu yake. Fundi wangu, ambaye mtaa mzima humwita Ami, aliniambia tutakuwa tumemaliza kabla ya chai ya saa nne. Chai ilikuja, ikanywewa, vikombe vikaoshwa, bado tuko kwenye bolti ya kwanza.

Nati za mle ndani zimechomelewa kwenye bodi, na bolti ya kale ilikwisha kuoana na nati yake. Tukaimwagia mafuta, tukangoja, tukaimwagia tena. Ami akachomeka kipande cha bomba kwenye spana apate nguvu, akavuta. Bolti ikazunguka kwa ulaini wa ajabu.

"Imekubali!" nikasema.

"Imekatika," akasema Ami.

Akapendekeza tuchomelee nati juu ya kile kisiki ili tupate pa kushika. Nikamkumbusha kwamba gari hili injini yake iko nyuma, na tangi la petroli liko mbele, chini ya boneti ile ile aliyoiegemea. Ami akaitoa sigara mdomoni, akaitazama kwa muda, akaizima kwenye soli ya ndala. Tukaitoboa bolti kwa drili, pole pole, kisha tukakata nyuzi upya.

Hapo zikaja breketi. Nilikuwa nimeuziwa mpya na duka moja la mjini, kwa viapo. Kumbe ni za magari yaliyotoka kuanzia Agosti 1967, Volkswagen walipoiondoa bampa ya mviringo yenye pembe mbili, wakaleta iliyo bapa na iliyokaa juu zaidi, na boneti ikafupishwa kuipisha. Nilipozirudisha, muuzaji alishangaa kwa dhati. "Volkswagen si ni ile ile miaka yote?" Umbo, ndiyo. Matundu, hapana. Ami akazinyoosha za zamani kwa nyundo, na kusema kweli hazijawahi kukaa vizuri hivyo.

Kilichobaki kilikuwa kuisawazisha. Kila fundi anajua: usikaze. Tia bolti zote kwa vidole, ziache zilegee, sawazisha, ndipo ukaze kidogo huku na kidogo kule. Tatizo ni kwamba bampa hufungwa mwisho, kwa hiyo ndiyo inayotoa ushahidi. Fundi wa bodi aliyepachika madigadi ya kushoto chini kwa unene wa kidole alishalipwa, akashukuru, akaondoka. Ikaja bampa, chuma kilichonyooka, ikamtaja.

Jirani yetu, mzee aliyestaafu bandarini, akaleta pima maji. Kwa pima maji tukawa sawa kabisa. Kwa macho tukawa tumelewa. Ndipo mtu akakumbuka kwamba ua wetu umeinamishwa makusudi, maji ya mvua yaelekee mtaroni. Mzee akashikilia kuwa bampa ifuate dunia. Ami akashikilia kuwa ifuate gari. Wapita njia wakaingia getini kutoa maoni, kwa sababu hakuna mwanamume anayeamini kwamba jicho lake limepinda. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za East African Safari kwa Volkswagen ya umbo hili hili, na sidhani kama kuna aliyemsimamisha njiani ampimie bampa.

Mke wangu, bila kutoka jikoni, akasema dirishani: "Upande wa kulia uko juu."

Tukaushusha.

"Sasa wa kushoto."

Tukaushusha nao.

"Hapo hapo! Msiguse."

Ami akakaza bolti zote kabla mzee hajapata nafasi ya kuleta pima maji yake. Basi ukiliangalia gari langu kutoka dirisha la jikoni, bampa imenyooka vizuri sana. Kutoka getini, ni heri upite haraka.

Nikamuuliza Ami tutaifanyaje ile ya nyuma, ambayo bado iko stoo na kutu yake. Akapima ua kwa macho huku akikusanya spana.

"Nyuma inatazamana na nyumba ya mzee," akasema. "Mwambie akae dirishani."