Namna ya Kuutazama Mwanzi Ukichipua Bila Kuuharibu

Watu wengi wana mianzi uani na hawajapata kuiona ikichipua. Huiona imeshapita paa, wakasema, "Loo, mwaka huu imeongezeka," kisha wakaendelea na safari zao. Hiyo ni hasara kubwa, na ndiyo sababu ya mwongozo huu. Kuutazama mwanzi ukitoka ardhini ni kazi yenye ufundi na miiko yake. Anayeifanya ovyo huvunja chipukizi, huwashwa mikono, na hangojewi na mtu: itambidi asubiri masika mengine.

Anza kwa kujua una mwanzi gani. Ule wa njano wenye michirizi ya kijani, unaopambia nyumba nyingi za Afrika Mashariki, wataalamu huuita Bambusa vulgaris. Huo ni wa kichaka. Machipukizi yake hutoka ubavuni mwa mianzi iliyotangulia, karibu kabisa na shina, kwa hiyo utajua pa kuelekeza macho. Mianzi mingi ya Japani na Uchina ni ya kutambaa: mzizi wake mnene, ambao kwa kweli ni shina lililojificha, husafiri chini kwa chini na kuibukia mita kadhaa mbele, pengine upande wa pili wa ukuta. Wa kichaka unahitaji kigoda kimoja tu. Wa kutambaa unahitaji jirani mwema.

Usianze siku ya mvua ya kwanza. Mvua hiyo ni ya kumbikumbi. Mwanzi haushtuki kwa manyunyu. Unangoja masika yashike kwelikweli na udongo ulowe hadi kwenye mizizi. Hapo ndipo macho yaliyolala chini yanapoamka. Kinachoyasukuma juu ni chakula ambacho mianzi mikubwa imekuwa ikikitengeneza kwa majani yake na kukiweka akiba tangu msimu uliopita. Chipukizi halina jani hata moja la kujilisha. Linalelewa na kichaka kizima. Kwa hiyo aliyeifyeka mianzi yake mikubwa mwezi mmoja kabla ya mvua, akakaa kwenye kigoda kungoja machipukizi mazito, amejinyima mwenyewe. Kichaka chenye njaa hutoa vijiti.

Vifaa ni vichache. Kigoda, kwa sababu kazi hii hufanywa chini na mwenye kusimama haoni kitu. Chupa ya chai. Kijiti kirefu kilichonyooka na kalamu ya wino usiofutika, ambavyo tutavirudia. Simu ibaki mfukoni kwa muda, maana picha ya siku ya kwanza ya chipukizi huonekana kama picha ya tope.

Na kweli siku ya kwanza ni tope. Utafute ufa. Ardhi iliyo karibu na shina huinuka kidogo, ikapasuka, na ndani ya ufa ukaona ncha nyeusi inayong'aa. Hapo ndipo watu wengi huchokonoa kwa kidole ili "kulisaidia." Usilisaidie. Wengi wetu tuliambiwa utotoni tusilinyooshee kidole boga changa, litaoza. Kwa chipukizi la mwanzi, onyo hilo nalitia sahihi bila kuuliza sababu. Ncha ni laini, na likivunjwa kichwa halioti kingine. Shina hilo litaishia hapo lilipofika.

Likishatoka kama kiganja kimoja, sogea karibu, mikono ikiwa mapajani. Utaona umbo kama pia ya kuchezea, lililofungwa kwa maganda yaliyopandana, kila moja likilikumbatia lililo ndani yake. Juu ya kila ganda kuna kijani kidogo cha pembe tatu kilichosimama wima, na kandokando yake vipande viwili kama masikio, vimeota nywele ngumu. Mgongo wa ganda umefunikwa manyoya ya kahawia iliyokolea. Yanavutia kuguswa, na ndiyo yanayowasha: hunasa kwenye ngozi, na mtoto aliyeyashika kisha akajipangusa macho atalia hadi jioni. Watoto wapewe kazi ya kuhesabu maganda, mikono nyuma.

Saa nzuri kuliko zote ni alfajiri. Usiku hewa ikiwa na unyevu, mizizi huendelea kusukuma maji juu, na kwa kuwa hayana pa kwenda hutokeza nje kwenye ncha za vile vijani vidogo. Ukifika kabla jua halijachoma utakuta kila ncha imebeba tone, na udongo unaolizunguka chipukizi umelowa hata kama usiku haikunyesha. Wengi huuita umande. Umande hutokana na mvuke wa hewani. Maji haya yamepanda kutoka chini. Anayeamka saa mbili hayaoni, na nasema kwa moyo wote kwamba amekosa nusu ya jambo lenyewe.

Sasa kijiti. Kichomeke kando ya chipukizi, si juu ya mizizi yake, na kila asubuhi saa ileile utie alama ya wino pale ncha ilipofika. Alama iwe kwenye kijiti. Chipukizi lenyewe lisichorwe. Siku za mwanzo alama zitabanana na utadhani umepewa mwanzi mvivu. Vumilia. Baadaye huachana ghafla, kila siku pengo kubwa kuliko la jana, kisha mwishoni hubanana tena. Rekodi ya dunia inayotajwa sana kwa mianzi yenye mbio kubwa ni sentimita 91 kwa siku moja, yaani karibu sentimita 4 kwa saa. Wako hautafika huko, lakini nao si haba: mwanzi wa njano hufikia mita 10 hadi 20, na safari hiyo yote huimaliza ndani ya msimu mmoja.

Swali la namna mwanzi unavyoweza kufanya hivyo lina jibu zuri, na mtazamaji hodari lazima alijue. Mti wa kawaida huota kwa kuongeza vitu vipya kwenye ncha na kunenepa mwaka hadi mwaka. Chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na pingili zake zote zimeshapangwa ndani, zimebanwa moja juu ya nyingine. Kinachofuata ni kurefuka, na pingili za chini huanza kabla ya za juu, kama antena ya redio inayovutwa kipande kwa kipande. Na halinenepi. Unene uliouona linatoka ardhini ndio huohuo litakaokuwa nao likizeeka. Ndiyo maana wenye kichaka kichanga wasisononeke wakipata machipukizi membamba kama kidole: hayo yatabaki vidole, ila ya mwaka ujao yatatoka manene zaidi, na ya mwaka utakaofuata yatayapita hayo. Kichaka hunenepa kwa kizazi, si kwa shina.

Majirani watauliza. Mtu mzima aliyeketi kwenye kigoda saa kumi na mbili asubuhi akiutazama udongo ni lazima aulizwe, na adabu inataka ajibu. Mzee akipita, ukamwamkia shikamoo, naye akasema, "Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini hapo?" mwonyeshe ufa, umsogezee kigoda. Wazee wengi wanajua habari za mwanzi kuliko sisi. Waliukata kwa matenga, kwa uchaga wa kukaushia nafaka, kwa filimbi na kwa kuezekea, na watakueleza kwa nini haukatwi wakati wa mvua. Shangazi akikwambia kichaka cha mianzi hukaribisha nyoka, mkubalie, maana majani makavu yaliyorundikana ni maficho ya panya na nyoka humfuata panya. Fagia nafasi ya kigoda chako na ubaki macho. Mbuzi hawaulizi. Mbuzi wafungwe.

Watazamaji walio bora kuliko sisi sote wako Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Iringa na Njombe hupandwa mlanzi, aina ya mwanzi unaotoa kinywaji cha ulanzi, na huko chipukizi halitazamwi kwa burudani tu. Mgemaji hulikata ncha likiwa changa, hulitundikia chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta, na utomvu huanza kudondoka. Tangu hapo hulirudia asubuhi na jioni, akikwangua upya mahali pa jeraha ili pasizibe na kumimina kilichopatikana. Utomvu mbichi ni mtamu na hata mtoto huunywa. Ukiachwa huchachuka wenyewe, na siku inayofuata ni kinywaji cha watu wazima. Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi, na anayepita barabara za huko wakati huo huona madumu na ndoo kando ya njia. Mgemaji anajua lipi lina nguvu, lipi limechoka, lipi aliache likue. Hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu chipukizi lililogemwa halitakuwa mwanzi tena. Asiyeacha mengine yapande anakunywa kichaka chenyewe.

Kwenye Mlima Elgon, upande wa Uganda, Wagisu hufuata machipukizi ya mwanzi wa milimani, huyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga, na chakula hicho, malewa, ni cha heshima. Kwenye volkano za Virunga, zilizo mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, msimu wa machipukizi ukifika sokwe wa milimani hushuka kwenye ukanda wa mianzi na kushinda humo wakila. Hao hawana haja ya mwongozo. Wewe ukitaka kuonja ya kwako, usiyale mabichi: yana sumu chungu inayotoa sianidi. Menya maganda, kata vipande vyembamba, chemsha sana sufuria ikiwa wazi, na maji hayo uyamwage. Lakini mtazamaji wa kweli huonja kutoka kichaka cha mtu mwingine.

Neno kwa walio ughaibuni. Wewe uliyeko London, ama Toronto, na mwenye nyumba amekuachia mwanzi mweusi nyuma ya jiko, masika yako ni majira ya kuchipua, Aprili na Mei, ardhi inapoanza kupata joto baada ya baridi. Huo mara nyingi ni wa kutambaa, basi tazama mbali na shina na uufuate kwa macho hadi kwenye ua wa jirani. Kule Kyoto, wachimbaji wa machipukizi ya kula huwahi alfajiri wakitafuta ufa kabla ncha haijatoka, kwa sababu chipukizi likishaona mwanga huanza kuwa gumu na chungu. Jifunze ufa kwao, ila jembe uliache ndani.

Baada ya wiki kadhaa kazi hubadilika. Shingo itaanza kukuuma kwa kutazama juu. Maganda hulegea kutoka chini na kuanguka moja moja, na chini yake rangi ni ya kung'aa kuliko itakavyokuwa tena maishani mwake. Matawi na majani hufuata, kwa kuwa mwanzi hupanda kwanza na kuvaa baadaye. Ukiugonga kwa ukucha utasikia mlio hafifu wa kitu kilicholowa. Usidanganyike na urefu ukadhani umekomaa. Umemaliza kurefuka tu. Ugumu huja polepole, na miaka mitatu ndiyo ya chini kabla haujafaa kwa kazi nzito. Uliokatwa mchanga hunyauka na kujikunja, na kwa wanga uliojaa ndani hubunguliwa na wadudu mpaka umwage unga sakafuni.

Kwa hiyo funga kitambaa au tia alama ya rangi kwenye mianzi ya mwaka huu, ili fundi au mtunza bustani asiikate kimakosa. Ikifika zamu ya kukata, kata ile ya miaka mitatu na zaidi, kata wakati wa kiangazi, na uache mikubwa ya kutosha kulisha msimu ujao. Na katika machipukizi yako, jiandae kwa haya: si yote yatakayofika juu. Utaona moja limesimama siku nyingi pasipo alama mpya kwenye kijiti, ganda limekauka, na alfajiri halina tone. Hilo limekufa, na si kosa lako. Kichaka hutoa mengi kuliko kinavyoweza kulea. Liache lioze palepale, uhamishie kigoda kwenye ufa mwingine.