Andikeni Uongo

Mwalimu akisema "andikeni insha", watoto wote wa nchi hii huamka siku moja: Jumamosi. Jogoo anawika, jua linachomoza, mama anaandaa chai, safari inaanza, na mwishoni methali inabandikwa. Nimezisoma insha hizo za wapwa wangu hapa Kondoa mpaka jogoo nikamchukia. Wamefundishwa utangulizi, kiini na hitimisho kabla hawajapata la kusema.

Likizo ya Juni nikawapandisha basi la Babati, tukashuka Kolo kwenda kuona michoro ya miambani. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na UNESCO wakaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kupanda kunatoa jasho, lakini nilitaka wawaone wale watu wembamba kama fito, wenye vichwa vikubwa, na wanyama wao, wote kwa rangi nyekundu. Aliyewachora hakuna aliyemsahihisha kwa kalamu ya rangi hiyohiyo.

Wa darasa la tatu akatazama weee, kisha akauliza, "Mjomba, hawa hawakuchapwa kwa kuchafua ukuta?"

Tuliporudi nikagawa madaftari. Wakaandika: "Ilikuwa siku ya Jumamosi..." Tulikwenda Jumatano.

Nikabadili amri: andikeni uongo mtupu. Wakatazamana, wakaziba midomo kwa kucheka, halafu sebule ikawa kimya, penseli tu zinakwaruza. Huyo wa darasa la tatu akatoka na fisi mwenye kofia ya mistari, anayechechemea, anayekopa sukari dukani na kuapa kulipa mwisho wa mwezi. Jina hakuandika. Mtaani kwetu kofia ile ni moja tu.

Kufika magharibi hadithi ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima. Baada ya swala ya isha tukasikia hodi. Jirani akaingia na kofia yake, akakaa, akakataa chai. Hapo nikajua pamenoga.

"Mjukuu wangu, nisomee huyo fisi."

Akasomewa. Akakunja uso.

"Sukari kilo mbili? Ilikuwa kilo moja. Futa."

"Babu, ni uongo."

"Hata kama. Andika moja." Akafikiri kidogo, akasogeza kiti. "Na huyo fisi hana watoto? Mpe watoto, watu wamhurumie."

Mtoto akalamba ncha ya penseli.

"Wangapi, Babu?"