Mgeni wa Nani?

Sisi wa Dar es Salaam tunasafiri kwa sababu nne tu: harusi, msiba, mgonjwa na biashara. Likizo nayo huwa ya kwenda kumwona bibi kijijini, na ukifika unakuta bibi anaumwa. Kwa hiyo nilipoaga kazini kwamba nakwenda Tanga kutembea tu, mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nadaiwa na watu.

Kutoka Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera, muda wa kutosha kabisa kuhojiwa. Mama niliyekaa naye kwenye basi alianza kabla ya Kibaha. Nakwenda kwa nani? Sina mtu. Nina kiwanja huko? Sina. Mchumba je? Hakuna. Tulipofika Chalinze alikuwa amekwisha kukata shauri: aliuokota mkoba wake sakafuni akauhamishia upande wa dirishani, mbali na mimi. Uhusiano wetu ulitengemaa Muheza, niliponunua machungwa kwa noti ya elfu kumi na basi likaondoka kabla ya chenji. Muuzaji alikimbia nalo sambamba, akazirusha pesa dirisha la nyuma, zikapita mkono hadi mkono mpaka kwangu zikiwa zimepungua elfu moja. Mama alicheka, akamenya chungwa langu moja akala. Alikwisha kuona kwamba mtu wa namna hii hawezi kumwibia mtu.

Sasa Ngamiani, hapo Tanga mjini. Mitaa yake ina namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea hadi ishirini na kitu, na husemwa kwamba anayejua kuhesabu hapotei. Kupotea hupotei, kweli. Ila huwezi kusimama kwenye kona ukasoma kibao bila kuitwa. Niliitwa na kijiwe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wafikia kwa nani?"

"Sikufikia kwa mtu, mzee. Natembea tu, naangalia mji."

Kijiwe kizima kikanyamaza. Muuza kahawa aliyekuwa akinimiminia alisimamisha dele hewani. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akasafisha koo: "Hata Waingereza walikuja hivyo hivyo, mwaka 1914. Hawakufikia kwa mtu. Wakawakuta nyuki."

Na ni kweli. Novemba ya mwaka ule Waingereza walishusha maelfu ya askari, wengi wao kutoka India, ili wauteke mji kutoka kwa Wajerumani waliokuwa wachache mno. Katikati ya mapigano nyuki wakachokozeka, wakauma kila aliyekuwa mbele yao. Waingereza walirudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Mzee alisimulia huku akilitazama begi langu.

Aliyeniokoa ni kijana wa baiskeli. "Huyu ni wa msiba," alisema. "Kakosea barabara tu." Mabega ya kijiwe kizima yakashuka kwa faraja. Msiba ulieleza kila kitu, begi, shati la mikono mirefu, hata uso wangu, ambao wakati ule ulikuwa na njaa zaidi kuliko huzuni. Kabla sijameza kahawa, begi lilikuwa juu ya keria linakwenda zake, nami nikalifuata, kwa kuwa nauli ya kurudi ilikuwa ndani yake.

Chini ya turubai nilisema "poleni", wakasema "tumeshapoa", nikapewa nafasi kwenye mkeka. Nilijaribu kumweleza jirani yangu kwamba mimi ni mpita njia. Akanipapasa mgongo: "Usiseme sana ndugu yangu, sote ndio wapita njia." Ukipata jibu zuri kuliko hilo, niambie. Daftari la rambirambi lilipofika niliandika jina, Dar es Salaam, elfu kumi. Muda si muda kipaza sauti kikawashukuru "ndugu zetu wa Dar", kwa wingi, na watu wakageuka kuwatafuta hao wengine.

Wali ulikuwa wa nazi, na samaki hakuwa wa kuhesabiwa vipande. Tatizo lilikuja baada ya hitma, nilipoinuka kuaga nikashikwa mkono: kuna kikao cha familia. Kilihusu minazi. Nani anaangua, nani anauza, pesa zinakaa kwa nani. Kina mjomba walisema lao, kina shangazi lao, sauti zikapanda, kisha mwenyekiti akanigeukia. "Upande wa Dar mnasemaje?"

Nikasema sisi wa Dar tunawasikiliza wazee.

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema sasa hii ndiyo busara, siyo wale waliokuja mwaka jana. Minazi ikaamuliwa palepale, na mpaka leo sijui nilimpa nani.

Mapango ya Amboni, yaliyonitoa Dar, niliyaona kesho yake haraka haraka, popo na mawe ya chokaa, huku simu ikiita: wapwa walikuwa wananitafuta kwa chakula cha mchana. Jioni nikaunganishwa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mchango wa kisomo cha arobaini ulikuwa elfu hamsini kwa kila mtu mzima. Nimetuma ishirini, na katibu ameandika kwa herufi kubwa kwamba upande wa Dar bado unadaiwa.