Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu

Mheshimiwa Waziri,
Jogoo House, Nairobi.

Mimi ni mwalimu wa sanaa kutoka mitaa ya Eastlands.

Darasani nina sharti moja: sigusi karatasi ya mtoto. Mstari ukipinda, penseli hubaki mkononi mwake. Mimi huketi kando yake nikauliza. Muhula uliopita mvulana ambaye babake huuza maji alichora mkokoteni uliojaa mitungi, gurudumu lake likiizidi nyumba. Nikamwuliza mbona kubwa hivyo. "Mwalimu, si ndilo linabeba kila kitu?" Ningelipunguza kwa ufutio wangu, nisingesikia jibu hilo, naye angedhani kuwa anayoyaona hayana thamani.

Mheshimiwa, kwa idhini yako niseme kinachotutia hofu. Alama zinapotolewa kwa unadhifu pekee, mwalimu huchora nyumba ubaoni na darasa zima likanakili: paa la pembetatu, mti mmoja, jua pembeni. Anayenakili huenda analala ghorofa ya tano kule mtaa wa Pipeline, na kwao hakuna paa kama hilo.

Lakini anachokiona mtu mtaani kwake kinaweza kufika mbali. Jirani zetu wa mtaa wa Mukuru, kikundi cha sanaa cha Wajukuu, walialikwa mwaka 2022 kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Walijenga njia ya kuingilia ukumbini kwa mabati, yaleyale yanayoezeka nyumba za mtaani kwao, wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Mtaani kwao pia huwafunza watoto sanaa.

Tunashukuru kwa dhati kwamba mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi hadi sekondari pevu, ambako ina mkondo wake pamoja na michezo. Ukiridhia, nina ombi moja tu: wanaotathmini kazi za watoto waelekezwe kumwuliza mtoto amechora nini, na kwa nini, kabla ya kuandika alama. Hilo halihitaji bajeti ya rangi. Makaa na maboksi ya dukani tunayo. Linahitaji neno lako, Mheshimiwa, ili mwalimu asiogope kumwachia mtoto penseli.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sanaa, Eastlands.